Jino Langu, Vidonge vya Mama

Jino lilianza Jumatano, nikiwa nimeinamia kanzu ya mwanafunzi mmoja wa seminari ya Kipalapala. Gego la chini, upande wa kushoto, lile ambalo kwa miaka miwili nilikuwa nikilichokonoa kwa njiti ya kiberiti na kujidanganya kwamba ni nyama tu imenasa. Maumivu yalipiga kutoka kwenye taya hadi sikioni, mguu ukakanyaga cherehani bila ruhusa yangu, na nilipotazama chini nikakuta nimeushona mkono wa kanzu ukazibika kama mfuko. Nikatukana. Mama mmoja aliyekuwa akisubiri sare ya mwanawe alijifanya hakusikia.

Mtu mwingine angevuka barabara hadi duka la dawa, akanunua kitu cha kutuliza, akarudi kazini. Mimi nilibaki pale barazani, Mtendeni, nimeshika shavu. Nilikuwa na miezi kumi bila kumeza kidonge kikali cha maumivu, na nilijua kimoja tu kingetosha kunirudisha nilikotoka. Nilikotoka ni kubaya. Afadhali niseme mapema, maana mficha maradhi kilio humuumbua.

Nilianguka kutoka juu ya lori la marobota ya tumbaku kule Usoke, nikavunjika paja. Hospitali wakanipa tramadol, na sina ugomvi nao, maana mfupa ulikuwa umevunjika kweli. Mfupa ukaunga, mimi nikaendelea kumeza. Miaka mitatu nilimeza asubuhi ili niinuke, mchana ili mikono isitetemeke kwenye sindano, jioni ili nilale. Tumbo lilijaa vidonda kwa diklofenaki nilizokuwa nikimeza pamoja nazo. Kisha mama yangu akapata saratani, nikamleta mjini akae kwangu, naye akaandikiwa vidonge vilevile.

Nilikula vidonge vya mama yangu. Nilikuwa namwachia viwili, vinavyobaki nachukua mimi. Alikuwa akipapasa chini ya mto na kuuliza, "Mwanangu, dawa zangu nimeziweka wapi?" nami namjibu, "Umeshameza, mama, umesahau." Akaamini kwamba amesahau. Majirani nao wakaamini, wakasema uzee na ugonjwa vimemchanganya. Siku zake za mwisho alikuwa akiuma pindo la khanga ili asipige kelele, na akituomba radhi kwa usumbufu.

Dawa zile nilikuwa nikizichukua kwa mtani wangu. Mimi Mnyamwezi, yeye Mzaramo, na utani wetu ni wa tangu babu zetu walipobeba mizigo kwenda pwani na kulala kwenye vijiji vya babu zake. Duka lake la dawa linatazamana na cherehani yangu. Ni mama wa makamo, mnene, mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Miaka yote ile yeye alikuwa akiniita mpagazi na kuniuliza kama nimeshakula michembe yangu, viazi vyetu vya kukausha, mimi namwuliza shamba gani limeuzwa safari hii ili ngoma ichezwe. Lakini aliponiona nikivuka barabara mbiombio na cheti cha mama, utani aliuweka kando. Aliwaambia wateja wake, "Mnamwona huyu? Huyu ni mtoto mwenye radhi." Nilizipokea sifa hizo, nikazitia mfukoni pamoja na vidonge.

Mama alipofariki, mtani alifanya kazi ya mtani. Siku ya tatu ya matanga alivaa khanga ya marehemu, akashika fimbo yake, akapinda mgongo, akapita katikati ya waombolezaji akiinua ncha za mikeka na kupapasa chini yake. "Mwanangu, dawa zangu nimeziweka wapi?" Neno lile alilisikia alipokuwa akija kumjulia hali, na sauti ilikuwa ya mama kabisa, hata kile kikohozi cha mwisho. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega, kama inavyotakiwa, ili msiba upungue uzito. Nikacheka nami.

Sauti ile ndiyo iliyoniachisha. Sikuachishwa na dini wala akili. Kila nilipotia kidonge kinywani nilimsikia mtani akiniuliza kwa sauti ya mama. Nikaenda hospitali, nesi mmoja mshauri akanipokea bila kunikaripia, na baada ya wiki za kutetemeka na kuharisha akaniambia nipite kila duka nililowahi kununulia nikawaambie wasiniuzie tena, hata nikilia. Nikapita. Wote walinielewa isipokuwa mmoja.

"Mtani," nilimwambia, "mimi ni mlevi wa dawa. Nikija kuomba tramadol, nifukuze."

Akanitazama, kisha akaangua kicheko. "Jamani njooni! Mnyamwezi kachoka kubeba mizigo, sasa anataka kuwa teja!"

Wateja wakacheka. Nilisimama pale ukweli umenitoka mdomoni, umeanguka sakafuni, na watu wanaukanyaga. Ningeweza kurudia. Ningeweza kumshika mkono. Badala yake, nami nikacheka, kwa kuwa kuchekwa kulikuwa na nafuu kuliko kuaminiwa. Tangu siku ile, kila asubuhi akifungua duka alipaza sauti kwa salamu yetu ya Kinyamwezi, "Mwangaluka, teja wangu!" na mtaa mzima ukafurahi. Jina langu la kweli likawa mzaha, na hapakuwa na mahali pazuri zaidi pa kulificha.

Sasa jino.

Alhamisi shavu lilikuwa limevimba hadi jicho likawa dogo. Daktari wa meno, kijana mwenye haraka, aligonga gego kwa chuma chake, nikaona nyota mchana. Akasema kuna jipu kwenye mzizi, na hawezi kung'oa kabla uvimbe haujashuka kwa sababu ganzi haitashika. Nimeze dawa ya kuua wadudu siku tano, nirudi Jumanne. Akaanza kuandika diklofenaki. Nikamwambia tumbo langu lina vidonda. Akakata, akaanza kuandika tramadol. Niliona herufi ya kwanza, t, na mate yakanijaa kinywani kama mbwa aliyeona nyama. Mwili wangu ulifurahi. Ninauchukia mpaka leo kwa furaha ile.

"Usiandike hiyo, daktari. Hiyo niliitumia vibaya."

Aliinua kalamu. Hakunisifu, hakunishangaa. "Basi utameza panadol na utavumilia," akasema, akamwita mgonjwa mwingine.

Nilivumilia. Neno lenyewe ni jepesi sana. Panadol kwa jipu la jino ni sawa na kuzima moto wa msitu kwa mate. Nilisukutua maji ya chumvi, nikauma karafuu, nikalala upande mmoja, nikakaa, nikasimama, nikatembea hadi kwenye reli na kurudi. Kila mpita njia alikuwa daktari. Mmoja aliniletea asali mbichi ya miombo, akaapa kwamba babu yake alikuwa na meno yote thelathini na mawili kwa sababu yake. Nikaipaka kwenye tundu la jino. Ninachokumbuka baada ya hapo ni kwamba nilikuwa chini, nimekumbatia mguu wa meza ya kukatia nguo, na mwenye asali ananiuliza kama imeingia vizuri. Ningekuwa na nguvu ningempiga.

Usingizi ulikataa siku mbili. Jumamosi, saa nane mchana, joto la Oktoba limeuchoma mtaa ukawa kimya, nikaanza kujadiliana na nafsi yangu. Kimoja tu. Haya ni maumivu ya kweli, siyo kiu. Hata daktari alitaka kukuandikia. Ukimeza kimoja utalala, utaamka umemaliza kanzu za watu, nani atajua? Nilijua kabisa ile sauti ni ya nani. Ndiyo iliyokuwa ikiniambia mama hatatambua. Niliijua, na bado miguu ilinyanyuka ikavuka barabara.

Nataka ieleweke kwamba sikwenda kumwomba mtani anifukuze. Nilikwenda kununua.

Aliponiona hakucheka. Alitoka nyuma ya kaunta, akanishika kidevu, akageuza uso wangu kwenye mwanga. "Maskini mtani wangu. Taya lote hili? Keti." Akanipa benchi, akanipa maji. Kisha akainama chini ya rafu, akafungua kisanduku cha bati, akatoa pakiti moja ya vidonge, ile ya kijani na njano. Kumi, hakijatobolewa hata kimoja.

"Hizi ni za mama yako," akasema. "Nilimwagizia, zikafika wiki moja baada ya kuzika. Sikuwa na moyo wa kuziuza. Chukua, ni haki yako. Hata huko aliko atafurahi zikikufaa."

Akaniwekea mkononi, akanikunjia vidole.

Sijawahi kushika kitu kizito kama kile. Vidole vyangu vilivijua vile vidonge, kidole gumba kilikuwa tayari kimeshatafuta mahali pa kutoboa. Maumivu yalikuwa yakidunda kwenye taya, na kila dundo lilisema meza. Nilimwomba Mungu anisaidie na papo hapo nikamwomba asinione. Ningeweza kuondoka. Nilichotakiwa kufanya ni kusema ahsante.

"Mtani," nikasema, "mimi ni teja."

Akatabasamu kwa huruma. "Hata ukiwa unakufa huachi utani, mpagazi wewe."

"Nakwambia kweli."

"Najua, najua. Na mimi ni malkia wa Uzaramo. Meza, upone."

Pale ndipo nilipoona nilichojitengenezea. Miezi kumi nilikuwa nimejificha ndani ya kicheko cha mwanamke huyu, na sasa nilipotaka kutoka mlango ulikuwa umefungwa. Hakuna neno nililoweza kumwambia asilicheke. Nikabaki na lile moja tu ambalo sikuwahi kumwambia mtu yeyote, hata nesi, hata padri kwenye kitubio.

Nikasimama, nikapinda mgongo. Nikaweka mkono chini ya kitambaa cha kaunta, nikapapasa. "Mwanangu," nikasema, kwa sauti aliyoitumia yeye kwenye matanga, "dawa zangu nimeziweka wapi?"

Alianza kucheka. Aliijua kazi yake mwenyewe.

"Hakuwa amesahau," nikamwambia. "Mama hakusahau hata siku moja. Nilikuwa nazila mimi. Zile ulizokuwa ukinipa, ukaniita mwenye radhi, nilizila mimi, naye akafa akiuma khanga."

Kicheko hakikukatika ghafla. Kilipungua, kama taa ya chemli inayoishiwa mafuta, na uso ulibaki umefunguka bila sauti. Jirani wa duka la pili aliita kuomba chenji, hakujibiwa.

"Nilivaa khanga yake," akasema hatimaye. Hakuwa akisema nami. "Nilivaa khanga yake, nikawachekesha watu."

Nikanyoosha mkono wenye vidonge. Sitadanganya, nusu ya mkono haikutaka kufunguka. Alilazimika kuvivuta. Akavirudisha ndani ya kisanduku, akakifunga kwa kufuli, akatumbukiza ufunguo kifuani. Kisha akaniambia kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo, "Nenda nyumbani."

Nikaenda. Jumamosi ile, Jumapili, Jumatatu, sina cha kusimulia ila kwamba nililia kama mtoto na ukuta wa chumba changu una alama mahali nilipogonga kichwa. Jumapili mchana kuna mtu aliacha mlangoni chupa ya uji mwepesi wa ulezi, wa kunywewa bila kutafuna. Sikumwona. Jumanne uvimbe ulikuwa umeshuka, ganzi ikashika, gego likang'oka kwa milio ya kutisha, na daktari akaniwekea kwenye kipande cha pamba nilione. Lilikuwa dogo, jeusi upande mmoja. Nilishangaa kwamba kitu kidogo namna ile kilitaka kuniua.

Sasa ni mwezi wa kumi na tatu. Sijameza. Ulimi bado huenda kwenye pengo kila ninapotunga uzi.

Mtani hakumwambia mtu. Kila asubuhi anafungua duka ng'ambo ya barabara, naangalia, nasubiri. "Habari za asubuhi, fundi," anasema, kwa adabu kamili, kama anavyowasalimia wageni wanaoshuka stesheni. Nimejaribu. Nimemwuliza shamba gani limeuzwa. Nimemwambia ngoma za Wazaramo hazina ladha tena. Anajibu vizuri tu, "Ndiyo, fundi," anaendelea kufagia.

Wiki iliyopita nilivuka barabara, nikasimama mlangoni mwake. Nikamwuliza, nusu kwa mzaha, ili aone njia nimeiacha wazi, "Mtani, nami nikifa, nani ataniigiza?"

Alikuwa akipanga chupa za dawa ya kikohozi. Hakugeuka.

"Watani ni wengi, fundi," akasema. "Hawatakosekana."