Mama mkwe hanywi maji ili nisimmwagie choo chake

Admin, nifichie jina tafadhali, maana mke wangu naye yumo kwenye ukurasa huu na komenti anasoma zote. Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na tisa, naishi Kihonda, Morogoro, nina mke na watoto wawili. Naandika nikiwa nimechoka, nikikosea mnivumilie.

Kazi yangu ni choo. Chekeni tu, ndiyo hivyo. Kuna kampuni ndogo inapandisha wageni kulala kwenye mahema huko milima ya Uluguru, na mimi ndiye mbeba choo. Si kikubwa. Juu kina kiti na maji ya kusukumia, chini kina tangi la kupokea, katikati kuna kizibo cha kuvuta. Natia dawa ya bluu ya kuua harufu, nasimamisha kihema chake, na asubuhi wageni wakinywa chai mimi nachimba shimo mbali na kijito, namwaga, nafukia, nasuuza, napaka mafuta mpira wa kizibo usikauke. Mwaka wa tisa huu. Mke wangu amewaambia majirani kwamba mimi ni mpishi wa kambi. Nilishazoea. Mtu akiniuliza wageni walikula nini, namjibu wali maharage.

Sasa mama mkwe wangu anaishi Kinole. Masika haya aliteleza shambani kwake akavunjika nyonga. Akafanyiwa upasuaji, akarudi nyumbani, daktari akakataza kabisa kuchuchumaa. Na choo chake ni cha shimo, kipo chini kwenye mteremko, hata mtu mzima wa afya anashuka ameshikilia migomba. Mke wangu akahamia huko kumuuguza. Wiki ya kwanza alinipigia analia, anamwekea mama beseni na mama hataki.

Nikamwomba bosi choo kimoja cha zamani kilichovunjika mfuniko. Akanipa. Nikapanda nacho Kinole kwa bodaboda, nimekipakata njia nzima kama mtoto. Nikakiweka barazani, nikamwelekeza mke wangu hatua kwa hatua. Chumbani kwa mama sikuingia. Mnajua mambo ya ukweni. Tangu nimeoa, mama namsalimia kwa mbali nimeinamisha macho, naye anaitikia marahaba akiwa amejitanda khanga yake vizuri. Hatujawahi hata kula sahani moja. Ni heshima, na mimi naipenda.

Siku za mwanzo zilikuwa shwari. Mama akasema usingizi umemrudia. Tatizo, mke wangu aliona ile dawa ni kidogo, akafanya kama tunavyofanya wote kwenye choo cha shimo: akamwaga majivu. Majivu ya jikoni, kopo zima, kila siku. Yakagandia kwenye kizibo, kikawa hakifunguki wala hakifungi, harufu ikajaa nyumba nzima. Akanipigia kusema yeye hakigusi tena, kinyaa kimemshinda.

Jumamosi nikapanda. Mama alikuwa amelala. Mke wangu akakitoa chumbani, mimi nikakipeleka nyuma kwenye migomba, nikavaa glovu, nikachimba, nikamwaga, nikakwangua majivu kwa kijiti. Kazi yangu ya kila siku. Nilipoinua kichwa, mama alikuwa ameketi kitandani ananitazama kupitia dirisha. Nikainamisha macho. Naye akavuta pazia taratibu.

Tangu siku hiyo mama hanywi maji. Uji anaurudisha, chai anagusia midomo tu. Anajinyima ili asiende haja, na asipoenda haja mkwe wake hatakuwa na cha kumwaga. Midomo imepasuka. Nesi aliyekuja kumtazama kidonda alisema asipokunywa atarudi hospitali.

Mke wangu lawama zote kanibebesha mimi. Akaniambia, "Umemvua nguo mama yangu." Nikamuuliza ningefanyaje, akasema ningemfundisha mtu mwingine. Mtu gani jamani, wakati binti wa kumzaa mwenyewe hataki kukigusa? Nilimwendea jirani mmoja, mama mtu mzima, akasema yeye choo cha plastiki anakiogopa. Hapo nikamtolea mke wangu maneno makali, nakiri. Nilimwambia miaka tisa namwaga vya watu wasiojua hata jina langu, na mkono huo huo ndio unaomlisha. Akalia. Na mimi niliumia, siwafichi.

Jumapili iliyofuata nilipanda tena kumjulia hali mama. Nikasimama nje ya mlango wa chumba, yeye ndani, pazia katikati yetu. Akaniita mwenyewe, sauti imekauka.

"Baba, kazi yako sina ubaya nayo, Mungu akubariki. Lakini wewe ni mkwe wangu. Nikipona, nitakutazama kwa macho gani?"

Nikasema, "Nisamehe, mama," nikashuka mlima.

Jana mke wangu amepiga simu. Mama tangu asubuhi kanywa nusu kikombe, na tangi limekaribia kujaa. Anasema alivaa glovu, akasimama mbele ya kile choo, akazivua. Halafu akaniuliza kwa sauti ya chini kama Jumamosi napanda. Nilisema mtandao unasumbua.

Ndugu zangu mnaosoma hapa, hasa nyie wenye wakwe, nishikeni mkono kwa hili. Nikienda, mama hanywi maji. Nisipoenda, choo kinajaa. Begi nimeshafunga, dawa ya bluu imo ndani, nimekaa nalitazama. Mngekuwa mimi mngelibeba?