Mwaka Miche Yangu Ilipopukutika

Mwaka 1969, nikiwa na miaka kumi na moja, baba yangu alifariki na shida ikaanza. Tulikuwa Newala, juu kule ambako maji unayateremkia bondeni na kuyapandisha kichwani. Baba mdogo alikuja, akatutazama watoto mmoja mmoja, akaona mie nina shingo imara, akanitoa shule. Nilikuwa darasa la tatu. Kusoma najua, polepole. Kuandika mnajionea wenyewe.

Sitaki kuwachosha na miaka yote. Nilikuja Dar, nikakaa Temeke, nikauza mihogo, nikauza maji, nikafua nguo za watu ambao leo wakipita hawanikumbuki, na mie sina haja nao. Niliolewa na dereva wa lori, Mluguru, mtu mpole, Mungu amrehemu. Miche nilianza bila kupanga. Nilikula papai, nikatupa mbegu kwenye kopo la mafuta ya kupikia, zikaota, mama mmoja akapita akauliza bei. Nikataja, akatoa. Tangu siku ile sijamenya muhogo wa mtu.

Sasa nakaa Pugu. Kitalu changu kilikaa kando ya barabara miaka mingi: milimao, michungwa ya kubebesha, yaani ya kuunganishwa juu ya shina jingine, mipapai, pilipili, nyanya, na mawaridi kwa ajili ya wale wanaojenga Mbweni, wanaokuja na gari Jumamosi wakitaka ua wao uwe umechanua Jumapili. Nilikuwaga nawaambia, mama, nauza miche, siuzi miujiza.

Ninayotaka kuyaeleza ni ya mwaka walipotangaza kupanua barabara. Vijana wakapita na rangi, wakachora X kwenye kibanda changu, wakachora hata kwenye jiwe ninalokalia. Nikahamishia miche nyumbani. Masika yalikuwa yameanza na uani maji yalifika kifundo cha mguu, kwa hiyo sikuwa na pa kuweka isipokuwa chumba cha nyuma, kile kikubwa ambacho marehemu mume wangu alikiezeka bila kukiwekea madirisha. Kina matundu tu ukutani, na bati mbili za kupitisha mwanga. Nikapanga viriba vyangu, ile mifuko ya miche, humo, safu kwa safu.

Tatizo, chumba kilikuwa na mwenyewe. Wifi yangu, dada wa marehemu, naishi naye, na kazi yake ni ndizi. Zinakuja mbichi kutoka Morogoro, anazivundika pembeni mle ndani chini ya turubai, zikiiva anapeleka sokoni.

"Wifi, unanibana," akasema siku ya kwanza. "Chumba hiki cha kaka yangu."

"Kaka yako alipigilia misumari. Bati nilinunua mie."

"Na misumari je?"

"Misumari nayo nilinunua mie."

Akacheka, akasogeza mikungu yake. Ndivyo tunavyoishi.

Haikupita muda, pilipili zikaanza kudondosha vitumba. Nikasema zimechoka na kuhamishwa, zitazoea. Mara nyanya zikainamisha majani kama zina kiu, na udongo umelowa. Halafu milimao. Milimao ndiyo iliyonitisha. Unagusa jani, bado la kijani, linabaki mkononi mwako. Hukulichuma, limejiachia lenyewe. Asubuhi naingia nakuta sakafu imefunikwa na majani, nayazoa kwa beleshi.

Magonjwa ya miche nayafahamu. Ukungu una madoa. Vidukari unawaona. Utitiri unaacha utando. Hapa hapakuwa na doa, hapakuwa na mdudu, hapakuwa na utando. Nikapiga dawa ya ukungu hivyo hivyo, maana ndiyo niliyokuwa nayo. Na kwa kuwa jirani yetu ana michungwa inayozaa ng'ambo ya ukuta, nikaona ni uungwana kuziba yale matundu ili upepo usimpelekee ugonjwa wangu. Nikaziba kwa maturubai, nikabana vizuri kwa kamba. Kesho yake majani yaliyoanguka yalikuwa mengi zaidi ya siku zote.

"Hilo ni jicho," wifi akasema. "Yule mteja wako wa gari jeupe alisema miche yako inapendeza, na mashallah hakusema."

"Kama jicho linaua, wewe ungekuwa umekufa. Watu wamekutazama tangu usichana wako."

"Walinitazama kwa mashallah."

Jirani, mzee mwenye ile michungwa, alikuja akasimama mlangoni. Hakuingia, akajifunika pua kwa leso kana kwamba miche ina kifua kikuu. "Mama, nakuheshimu sana," akasema. "Lakini hicho kitu kikiruka ukuta, mie nimekwisha. Choma."

"Nichome nini?"

"Vyote. Uwashe, vikiteketea tutalala usingizi."

Sikumjibu vizuri, na sitaandika nilichomjibu. Lakini alikuwa na haki. Ugonjwa wa mimea hauna heshima ya mpaka, na mie mwenyewe nimewahi kumwambia mtu achome. Tofauti ni kwamba mimi barabara nilikuwa sina tena, kibanda sina. Kilichobaki cha miaka yangu yote kilikuwa ndani ya chumba kile, kwenye viriba. Nikichoma, naanza upya na kopo la mafuta. Na nilijipima, jamani. Nilijiambia kweli kwamba kwa umri huu, kopo sitaliweza.

Mzee hakungoja. Alikwenda ofisi ya kata akarudi na bibi shamba. Binti mdogo, ana suruali na mabuti ya mvua, begi mgongoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekuja kuchoma?"

"Nimekuja kuangalia."

"Haya, angalia. Ila ukishaangalia useme ukweli, usinibembeleze."

Akachuchumaa. Aling'oa mnyanya mmoja, akauosha mizizi, ilikuwa myeupe safi. Akakwaruza gome la mlimao kwa ukucha, chini pakawa kijani. Kisha akaomba glasi ya maji. Wifi akaleta ile ya wageni. Binti akakata shina la mnyanya, akalining'iniza ndani ya maji lisiguse chini, akatuambia: "Kama ni mnyauko wa bakteria, mtaona uzi mweupe unashuka, kama maziwa."

Tukachuchumaa wote kuizunguka glasi: mie, wifi, na yule mzee, ambaye sasa alikuwa ameshaingia ndani na leso ameisahau begani. Nimezaa watoto, nimezika mume, lakini sijui kama nimewahi kutazama kitu kama nilivyotazama maji yale. Yalibaki maji. Hapakushuka uzi wala chembe.

"Mama, mche huu hauumwi," akasema.

"Hauumwi, na umevua nguo zote?"

Akainuka, akanusa hewa. "Humu kuna nini kinanukia?"

"Ndizi zangu," wifi akasema kwa maringo. "Safari hii zimeiva haraka, tamu, utazipenda."

Binti akanyanyua turubai, akatazama ndizi, akatazama miche, akacheka. Mie kile kicheko sikukipenda. Nikamwambia acheke baadaye, kwanza aseme.

Akasema hivi, nami naeleza kama nilivyoelewa. Ndizi ikiwa inaiva inatoa hewa fulani. Huioni. Hewa hiyo hiyo mimea nayo hujitengenezea yenyewe inapopatwa na shida: mizizi ikizama kwenye maji, tawi likivunjika, ugonjwa ukiingia. Inaitwa homoni. Mwilini mwetu pia zipo, za kwetu. Kwenye mmea inafanya kazi ya kupeleka habari. Hii ya ndizi, ikiwa nyingi, inaliambia jani: achia, tuokoe shina. Jani linaachia.

"Kwa hiyo miche yangu imeambiwa kuna hatari," nikasema, "na hatari yenyewe haipo."

"Ndiyo mama. Ni kama mtu apige kelele za mwizi mtaa mzima, kila mtu afunge duka, kumbe mwizi hakuna."

"Na mpiga kelele ni ndizi za wifi."

"Ndizi zangu zimekaa kimya tangu zije!" wifi akaruka.

Binti akageukia ukutani. "Na haya matundu nani ameyaziba?"

Wifi akaninyooshea kidole. "Yeye! Kwa kamba!"

Mzee jirani alicheka mpaka akakohoa. Nilimwacha acheke, kwa maana niliziba kwa ajili yake na alilijua.

Lakini binti hakunidanganya, na kwa hilo namheshimu mpaka leo. Alisema: "Nadhani ndivyo ilivyo. Ila nadhani tu. Itoeni nje kwenye upepo na kivuli, na maji mpunguze. Pale jani lilipoachia pana kwapa, na kwenye kwapa pana jicho, chipukizi linalosubiri. Macho yakivimba, mmepona. Yasipovimba nitarudi, na itabidi tuchome."

Tukatoa. Tulipanga matofali uani, juu yake mbao, juu ya mbao viriba, ili maji ya masika yapite chini. Wifi alibeba kuliko mie, analalamika njia nzima. Nilimwambia basi ahamishe ndizi. Akasema ndizi zake hazina kosa, zimefanya kazi iliyozileta duniani.

Baada ya hapo ni kungoja, na kungoja sikujui. Kila kitu nilichopata nilikipata kwa kwenda kukichukua. Kukaa na kutazama kijiti kisicho na jani, humwagilii, hupigi dawa, hufanyi chochote, ni kazi ngumu kuliko kupandisha maji Newala. Nilikuwa nainamia kila mche, nakodoa, naona nilichoona jana. Mzee naye alikuwa anachungulia juu ya ukuta.

Bibi shamba alikuwa akipita kwetu akielekea kwenye mashamba ya Chanika. Anakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, wifi anampa ndizi, mie namuuliza. Nikitaka kujua kitu sioni haya kuuliza mtoto. Akanieleza kwamba ziko homoni za aina nyingine. Kuna ya kiu: udongo ukikauka, mmea unaitengeneza, na vidomo vyake, vitundu vidogo vilivyo chini ya jani, vinafumba ili maji yasitoke. Kuna ya meno: kiwavi akiuma jani hapa, habari inafika majani ya mbali, nayo yanaanza kujitia uchungu kabla hajayafikia. Na kuna ya ugonjwa, ambayo alisema ni ndugu wa aspirini, hiyo hiyo ya dukani. Inaupa mmea mzima habari ukae tayari, na pale kijidudu kilipoingia mmea unaweza kuua kadoa kadogo ka mwili wake wenyewe ili kijidudu kikwame hapo. Nikakumbuka madoa makavu niliyokuwa nayakata kwa kisu miaka yote, nikidhani yote ni ugonjwa. Kumbe mengine yalikuwa ukuta.

Nikamuuliza, "Kama mmea una akili hizi zote, mbona unakufa?"

"Mama, na wewe mwili wako una kinga. Malaria haijawahi kukulaza?"

"Imenilaza sana."

"Basi."

Asubuhi moja nilikuwa jikoni nachochea moto. Wifi alikuwa uani anapiga mswaki. Nikasikia, "Wifi! Wifi, njoo! Njoo upesi!" Nikadhani nyoka. Nikatoka na mwiko mkononi. Povu limemjaa mdomoni, ameshika mlimao, ananionyesha kwa kidole cha mkono wenye mswaki, na dawa ya meno inadondokea kwenye kiriba.

Kwenye kwapa palikuwa na kitu cha kijani, kama punje ya mchele. Nikatazama kwapa la chini yake. Namo kimo. Nikatazama mche wa pili, wa tatu. Nikaacha kutazama, nikakaa juu ya matofali, kwenye maji, na khanga yangu yote. Sikulia. Nilihisi kama mtu aliyeteremsha ndoo kichwani baada ya kilima kirefu, shingo inakuwa nyepesi mpaka unahisi itaruka.

"Sema mashallah," wifi akaniambia.

Nikasema. Nikasema mara nyingi.

Mzee akatokea juu ya ukuta na miwani yake. "Basi moto hauwashwi?"

"Washa kwako, uchome mahindi, utuletee."

Na kweli jioni alileta mahindi.

Haikupona yote. Mawaridi karibu yote yalikufa. Nyanya zilidumaa, hazikuuzika, nikazing'oa. Lakini milimao na michungwa ilirudi, na pilipili zikabeba vitumba vipya. Na kuna jambo moja nimebadilisha. Zamani miche nilikuwa nainywesha maji mpaka siku ya kuuza, inapendeza, inanenepa, ikifika kwa mteja jua moja tu imelala. Sasa kabla ya kuuza naipunguzia maji kidogo kidogo na kuisogeza juani, ijifunze kufumba vidomo vyake mapema. Wateja wanasema miche yangu imekonda. Nawaambia waende wakanunue minene.

Nilivyo navyo leo ni hivi. Kiwanja Pugu, chenye hati kwa jina langu. Nyumba ya vyumba vinne, na umeme. Vyumba viwili nyuma, kimoja wifi anavundikia ndizi, peke yake. Banda la neti ya kivuli, mbele ya nyumba, mbali na barabara. Tenki la maji. Milimao mikubwa mitatu ya kukatia vikonyo vya kubebeshea. Visu viwili vikali na toroli moja. Miche ya milimao, michungwa, mipapai na pilipili, banda zima. Mawaridi machache. Vitanda vitatu, redio, jiko la gesi. Kuku sita na jogoo mmoja mkorofi.