Siku Mama Polepole Alipokataa Kugusa Kioo

Saa mbili asubuhi, Mama Polepole amekaa kwenye kiti cha mbao, mikono mapajani, kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari. Mbele yake kimelala kioo chenye upana wa mita nne na uzito wa tani tatu. Anakitazama tu. Hakigusi.

"Leo nalipwa kwa kukaa," anasema, akicheka bila sauti.

Kioo hicho ni cha darubini kubwa ya kutazamia nyota. Kwa miezi ishirini na sita, mama huyu mwenye miaka hamsini na saba amekisugua kwa poda laini kuliko unga. Unywele mmoja ukipasuliwa nyuzi elfu, unene wa uzi mmoja ndio kosa analoruhusiwa.

Saa sita mchana wenye darubini wanakuja kukikagua. Kikifaulu, karakana inapewa vingine sita. Kikikataliwa, wafanyakazi kumi na tisa wanarudi nyumbani, na yeye mmoja wao.

Na jana jioni mashine ya kupimia ilionyesha kilima, uvimbe mdogo usioonekana kwa macho, karibu na ukingo.

Msimamizi anaingia, viatu vimefungwa vitambaa visije vikaleta vumbi.

"Mama, zimebaki saa nne. Kisugue hicho kilima kiishe."

"Sikisugui."

"Unataka tufunge milango?"

"Nataka kipoe."

Ana sababu. Kioo kikipata joto huvimba, japo jicho halioni. Miaka kumi na moja iliyopita aliona kilima kama hiki, akakisugua bila kusubiri. Kumbe lilikuwa joto la kiganja chake mwenyewe, alipoegemea akifuta. Kioo kilipopoa, pale palipokuwa na kilima pakawa na shimo.

"Kioo hakiongezwi. Ukishatoa, umetoa," anasema. "Ikabidi niteremshe uso wa kioo kizima ulifikie lile shimo. Miezi tisa! Nilikuwa namwomba Mungu uvumilivu asubuhi, ikifika mchana umeshaniishia, naomba tena."

Tangu hapo hakiegemei kioo, havai pete wala hapaki mafuta mikononi. Mumewe, fundi cherehani, humtania kwamba ameoa mwanamke mwenye mume mwingine, tena mnene.

Mama Polepole anamwita mpimaji, mwanamume wa makamo anayemwita mdogo wake.

"Mdogo wangu, jana kabla ya kupima ulifanya nini pale ukingoni?"

"Niliangalia mikwaruzo tu, dada."

"Kwa macho matupu?"

Mpimaji anajikuna kisogo. "Kwa taa."

"Muda gani?"

"Kama… nusu saa hivi."

"Yaani ulikipasha moto kama kiporo!"

Msimamizi hacheki. "Na kama si taa? Kitu kinene hivi kitapoa lini? Wageni wakikuta kilima?"

"Utawaambia ni mimi niliyekataa. Usimtaje mwingine."

Msimamizi anatazama saa ya ukutani. "Saa tano tunapima. Basi."

Saa tano kasoro dakika chache wote wanatoka, maana hata pumzi ya watu ni joto. Mpimaji anabaki peke yake chumba cha pili na mashine yake. Mama Polepole anasimama mlangoni, midomo ikicheza taratibu.

"Dada!" sauti inatoka ndani. "Njoo. Hakuna kitu. Pamelala shwari."

"Ahsante Mungu," anasema, kisha anatafuta kiti.

Saa nane wageni wanatia sahihi kukikubali. Msimamizi anamletea chai mwenyewe.

Katika miaka thelathini ya kazi, Mama Polepole hajawahi kuona kioo chake kiking'aa. Vyote huondoka vikiwa vitupu, vikapakwe madini ya kuakisi mwanga huko viendako. Hiki amepania kukifuata, yeye na mumewe, siku darubini itakapofunguliwa.

"Nimeshamwambia anishonee gauni lenye mifuko mikubwa," anasema.

Mifuko ya nini?

"Ya kufichia mikono. Nikikiona kinavyong'aa, nisije nikakigusa."