Mtu Aliyekuwa Akifunga Maji

Watu wapatao ishirini walimcheka marehemu mume wangu mbele ya macho yangu, na mmoja wao alikuwa mjukuu wake mwenyewe. Naandika haya kwa sababu kicheko hutembea kuliko ukweli, na sitaki kingine kitembee bila mtu wa kukizuia.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Nilikuwa nimempeleka mjukuu wangu kwenye magofu ya mji wa kale, pale penye mabwawa ya maji moto, aone mahali babu yake alipofanya kazi miaka ishirini na saba. Nyumbani tunamwita Kiulizo, maana hakuna jambo linalompita bila kuuliza. Babu yake alifariki yeye akiwa na miaka minne. Sasa ana kumi na tatu. Anachomjulia ni picha ya sebuleni, suti na tai, pamoja na maneno yangu: "Babu yako alikuwa afisa wa mambo ya kale."

Tulipita barabara ya mawe ambayo magurudumu ya mikokoteni yameichimba mistari miwili. Tukapita nguzo zilizobaki nusu, tukapita ukumbi wa kuogea ambao sasa paa lake ni mbingu. Ukifika mwisho wa mji, kilima kinashuka kwa mabwawa, moja chini ya jingine, kama sinia zilizopangwa ngazini. Chemchemi iko juu, na maji hutoka yakifuka mvuke. Nilisimama pale, nikayatazama. Mabwawa niliyoyajua mimi yalikuwa meupe kama sahani zilizooshwa. Haya yalikuwa ya kijani, yenye utelezi wa ukoga, kama sufuria iliyosahauliwa uani msimu wa mvua.

Sikupata nafasi ya kusema neno. Kijana anayeongoza wageni, mnene, mwenye sauti ambayo wenzake wameipa jina la Kipaza, alikwisha kuanza.

"Jamani, sogeeni! Mnaliona bwawa la tatu? Zamani hapa palikuwa na mlinzi mmoja, Sultani wa Maji Moto. Yeye akichoka, anafunga maji. 'Leo hapaingiliki!' Wageni wanarudi na taulo zao kavu. Wakishaondoka, Sultani anakunja suruali, anashuka ndani, anajikwangua magaga mpaka jioni. Wafalme walijenga, mlinzi akaoga!"

Watu wakaangua kicheko. Mwanamume mmoja mwenye kofia akauliza, "Na mkewe alikuwa wapi?"

"Mkewe? Nasikia alikuwa mwalimu. Labda kwao bomba lilikuwa halitoi!"

Kiulizo alicheka mpaka akashika tumbo. Hakujua. Namuapia asiyeamini, damu ilinichemka kuliko ile chemchemi.

"Wewe kijana," nikasema.

"Naam, mama. Uliza tu, uko huru."

"Siulizi. Huyo mtu ulimfahamu?"

"Hapana, mama, ni wa zamani. Utani tu huo, wageni wanapenda."

"Utani una watani wake. Mimi na wewe tulitaniana lini? Huyo unayemwita Sultani ni mume wangu. Mwalimu asiye na bomba ni mimi. Na huyu uliyemchekesha ni mjukuu wake."

Mwenye kofia akaivua, akaanza kuitazama ndani kana kwamba ameangusha kitu humo. Kiulizo kicheko kilimkatika katikati. Nilidhani atalia, lakini yeye akaniangalia na kuuliza polepole:

"Bibi, kwani babu alikuwa mlinzi?"

Swali hilo liliniuma kuliko dhihaka yote. Niligeukia yule kijana aliyekuwa ameanza kunywea ndani ya shati lake.

"Mama, nisamehe, lakini mimi sikubuni. Iko ofisini, kwenye faili. Watu walilalamika kwa maandishi."

"Basi twende kwenye hilo faili. Tangulia."

Kutoka mabwawani hadi ofisini ni mwendo wa dakika kumi, na nilizitumia zote kumkumbuka mtu wangu kama alivyokuwa, si kama alivyo kwenye picha. Alikuwa mtoto wa mwashi. Shule aliiacha darasa la nne. Alianza kwa kubeba udongo wa wachimbaji wa magofu, akapewa kuangalia mabwawa kwa sababu wengine wote waliungua na kukimbia. Maji aliyapima kwa kiwiko, kama mama anayemwogesha mtoto mchanga. Chuma hakukiruhusu kugusa jiwe. Jioni alirudi ananuka kama kiberiti, suruali yake imeganda ukoko wa chokaa hivi kwamba akiivua inabaki imesimama peke yake. Nami nilimtaka apitie mlango wa uani, aoge, avae shati safi, ndipo atokee barazani ambako majirani walinisikia nikimwita afisa.

"Mwalimu," alikuwa akiniambia, maana ndivyo alivyoniita tangu uchumba, "hata unipake poda, jiwe litanijua tu." Kisha anacheka, anakwenda kuoga. Hakuwahi kunikatalia.

Mkuu wa kituo ni mwanamke wa rika la kitindamimba wangu. Alisimama tulipoingia, akanipa kiti chake mwenyewe, kwa hiyo sitasema kwamba hakufundwa. Nilimweleza nilichosikia na nikamwambia nataka mambo mawili: hadithi ile ikome, na mtu yeyote aliyeiandika aifute.

"Mama yangu, pole sana," akasema. "Kipaza, na wewe, toka lini tumekutuma kuigiza?" Kijana akatazama sakafu. Lakini mkuu hakuishia hapo. Alifungua kabati, akatoa faili nene lililofungwa kwa kamba. "Sitaki nikudanganye. Kuna barua tatu za wageni. Wanasema bwawa lilifungwa bila sababu, na walimkuta amechuchumaa ndani, anajikwangua."

"Alikuwa anakwangua bwawa!"

"Sawa, mama. Mimi nilitaka kumtetea. Nikatafuta sababu kwenye ripoti zake. Alileta ripoti kila mwezi, zimepita mia tatu, hakuna hata moja iliyochelewa." Akavuta karatasi, akasoma: "'Kwa heshima na taadhima, napenda kuarifu kwamba hali ya mabwawa ni ya kuridhisha, na shughuli zote zinaendelea kama kawaida.' Mwezi uliofuata, vilevile. Miaka yote, vilevile. Hakuna mahali anaposema anafunga maji, wala kwa nini. Mtu akisoma barua za wageni, akisoma na hizi, atafikiri nini?" Akaigeuza karatasi kwenye mwanga. "Na mwandiko mzuri ajabu."

Kiulizo alikuwa ameegemea meza. Madaftari yake ninamsahihishia mimi tangu alipojua kushika penseli.

"Bibi," akasema, "huu si mwandiko wako?"

Ningeweza kukana. Ningeweza kusema miandiko hufanana, nikabeba mkoba wangu na ghadhabu yangu, nikaondoka nimenyooka. Yule mkuu asingembishia mwanamke wa umri wangu. Lakini hadithi ya Kipaza ingebaki na karatasi mia tatu za kuitetea, na mtoto yule angekwenda nyumbani na babu wawili, wa suti na wa magaga, wote wa uongo.

"Ni wangu," nikasema.

Kila mwisho wa mwezi mume wangu alikaa mezani kwetu, kofia magotini, akanitamkia. "Andika, Mwalimu: bwawa la tatu nimelilaza kavu juani siku kumi na mbili. Ukoga umekufa. Nimekwangua kwa mbao toka juu kwenda chini. Magoti yameungua kidogo. Bwawa la nne litalala kuanzia Jumatatu." Nami nilimwambia mambo ya ukoga na magoti hayaandikwi kwa wakubwa. Niliandika ya kuridhisha na ya taadhima. Nikimsomea, alitikisa kichwa kwa furaha, akisema, "Yamependeza kweli, lakini ukoga wangu umekwenda wapi?" Nikamjibu, "Umo, umesemwa kiungwana." Kumbe haumo. Wahenga wamesema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilificha kazi, na kifo kikamuumbua asiye na kosa.

Nilimweleza mkuu yote hayo mbele ya Kipaza na mbele ya mjukuu wangu. Lakini nilipomaliza kuubeba mzigo wangu, ulibaki wa kwao.

"Kosa langu nimelisema. Sasa semeni lenu. Tangu astaafu maji mmeyaacha yakitiririka kila bwawa, usiku na mchana, wageni wapate picha nzuri. Mmeona weupe ukigeuka kijani. Hamkuwa na mtu wa kumuuliza? Nyumba yetu iko kilomita nne kutoka hapa! Alikaa barazani miezi kumi na minane kabla ya kufa, akisubiri mtu aje amuulize."

Mkuu wa kituo alikunja na kukunjua ncha ya faili. "Nilipohamia hapa yalikwisha kuwa hivi. Wataalamu walikuja kupima, wakasema maji ni yaleyale."

"Maji ni yaleyale. Aliyeondoka ni mtu."

"Basi, mama," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba, "alikuwa anafanyaje?"

Nilikuwa nimesikiliza kwa sikio moja miaka ishirini na saba, huku nikisahihisha mitihani. Sikujua kama nilijua. Tulishuka bwawani wanne, na wafanyakazi wawili wakatufuata na ubao na viroba vya mchanga. Nilivua viatu. Nilikunja gauni langu la dukani, lile ninalovaa kwenye harusi, nikaingia kwenye mfereji unaoyagawia mabwawa maji, mbele ya kila mwenye macho. Maji yalinichoma vifundoni.

Kipaza akachukua ubao aufunge mfereji wa bwawa la tatu.

"Koma!" nikasema. "Ukifunga kabla hujafungua kwingine, maji yatapanda kwenda wapi?"

Akageuka kutazama. Nyuma yetu palikuwa na barabara ya mawe na nguzo zake.

"Mjini," akasema.

"Mjini. Na kila yanapolala huacha ukoko. Mwaka mmoja tu, hizo nakshi za nguzo hutaziona tena. Ongeza mlango wa la nne kwanza, upana wa kiganja. Subiri lipokee. Ndipo ulilaze la tatu."

Tulifungua, tukasubiri. Wafanyakazi walipanga viroba, Kipaza akauzamisha ubao na kuukanyagia kwa mguu, jasho likimtoka mpaka kwenye kidevu. Kiulizo naye alikuwa amevua viatu bila ruhusa yangu.

"Bibi, babu alijuaje kama ukoga umekufa?"

"Alikanyaga. Ukilia chini ya kisigino kama karatasi kavu, umekufa. Ukinyamaza, uache jua liendelee."

"Na kwa nini mbao, si chuma?"

"Kwa sababu chuma hakijui ukoko unaishia wapi na jiwe linaanzia wapi. Hayo ni maneno yake, si yangu."

Akayarudia kwa midomo bila sauti, kama anayekariri shairi. Maji ya bwawa la tatu yalianza kushuka, na ukoga ukatokea, mnene, unanuka, umeng'ang'ania kuta zote. Miaka kumi na zaidi ya hali ya kuridhisha. Niliinama nikaugusa kwa mkono wangu. Sikuwahi kuugusa alipokuwa hai.

Juu yetu wageni walikuwa wamekusanyika, wale wa asubuhi na wengine wapya wenye taulo.

"We mama! Nani kakuruhusu kufunga maji? Sisi tumetoka mbali!"

"Bibi mzima, anachezea matope!"

"Mwacheni, labda anatibu miguu!"

Wakacheka. Nilisimama ndani ya bwawa, gauni limeloa, mikono ya kijani, na kwa mara ya kwanza nikajua alivyokuwa anasimama yeye, na kwamba alirudi nyumbani jioni zote zile bila kunisimulia kicheko hiki. Hasira iliyonipanda haikuwa ya heshima yangu. Nilikuwa na majibu tayari, makali, ya kutosha watu wote wale. Niliyameza.

"Kipaza," nikasema, "una sauti. Waeleze."

Alipanda kwenye ukingo, akajifuta uso kwa mkono wa shati. "Jamani, sogeeni kidogo. Bwawa halijafungwa bure. Zamani hapa palikuwa na mlinzi..."

"Hakuwa mlinzi."

Kijana akageuka kunitazama. "Samahani, mama. Zamani hapa palikuwa na afisa mmoja..."

"Wala hakuwa afisa," nikasema kwa sauti yangu ya darasani, ambayo hadi leo haihitaji kipaza. "Alikuwa akikwangua mabwawa. Anza hapo."