Safari ya Kuitafuta Eda

Kabla ya kuondoka Birmingham, Ubah alishona magauni manne meupe, akayapiga pasi, akayakunja na kuyaweka kabatini chini ya mablanketi ya baridi. Kupiga pasi ndiyo kazi yake. Kwa miaka sita alikuwa akiingiza mashuka ya hoteli kwenye mashine ya kunyooshea, katika kiwanda cha kufulia kule Nechells, kati ya ghala la matairi na magorofa ya kaunsili, na kama kuna mtu aliyejua kitambaa cheupe kinavyokunjwa, basi ni yeye. Magauni yale yalikuwa ya kukalia eda, zile siku za mjane kukaa ndani. Asichojua ni kama atayavaa.

Maana Ubah, mwanamke wa miaka arobaini na tisa, hakujua kama ni mke wa mtu au ni mjane. Wako wengi wenye waume wasioeleweka, lakini wake alikuwa amepita kiasi. Tahlil, kijana wa Kisomali aliyekulia Mombasa kama yeye, alikuwa baharia. Aliondoka Machi 1992 na meli ya mizigo, akamwacha mkewe na mimba changa. Septemba ikaja barua ya mistari mitatu kutoka kwa wakala wa meli: baharia Tahlil ametoroka kazini tarehe 12 Agosti, katika bandari ya Puerto Amparo, nchini Chile, na kampuni haina habari naye tena. Novemba akazaliwa Fardowsa.

Mtoto akakua akijua jambo moja tu kuhusu babake, kwamba ni mtoro. Akikataa uji, katoroka uji kama babake. Akichelewa chuo cha Kurani, ana miguu ya babake. Ubah alimsema Tahlil kwa Kiswahili na kwa Kisomali, na ukimbizi ulipowapeleka Uholanzi akajifunza kumsema kwa Kiholanzi pia. Walipohamia Birmingham mwaka 2003, hata majirani walimjua Tahlil kwa ubaya wake, na hawakuwahi kumwona.

Mwaka uliofuata Daud, fundi wa friji, mtu mzima mpole asiye na makuu, alimposa. Ubah akajibu kwamba yeye ni mke wa mtu. Jirani yake Mwanakhamis akamshauri aende kwa sheikh avunjiwe ndoa, mambo yaishe. Hakutaka kusikia.

“Ataniacha mwenyewe,” alisema, “kwa mdomo wake, nami nikimtazama.”

Daud alingoja mwaka mzima, kisha akaoa Leicester. Ubah alichangia sambusa mia mbili za harusi, na hakuna aliyethubutu kumtazama usoni wakati anazikunja.

Mambo yangebaki hivyo hivyo lau kile kiwanda cha magari ya mizigo cha Washwood Heath kisingefungwa mwaka 2009. Miongoni mwa waliokosa kazi alikuwa Walter, mtu wa Mombasa, aliyekuja kutafuta kibarua kwenye mashuka. Wakati wa chai wakaulizana habari za nyumbani kama kawaida ya watu wa kwao, na Ubah, ambaye hakuwahi kukosa nafasi ya kumsema mumewe, akataja Puerto Amparo. Walter akaweka kikombe chini.

“Shemeji,” alisema, “mimi nilikuwa mpishi wa hiyo meli.”

Akasimulia huku akiitazama sakafu. Tahlil hakutoroka. Aliteremka gatini ameshika tumbo, amejikunja, akisema anakwenda kutafuta daktari. Nahodha hakutaka kungoja. Meli iling’oa nanga saa nane mchana, na mabaharia wakapewa karatasi ya kusema kwamba mwenzao amekimbia.

“Tulitia sahihi wote kumi na tisa. Hata mimi. Nilikuwa na watoto, shemeji. Labda alipona akabaki huko huko. Mimi sijui.”

Ubah alimaliza zamu yake. Jioni akamwambia Fardowsa, ambaye sasa alikuwa na miaka kumi na sita, kwamba Agosti watasafiri. Siku ya pili akaingia kwa Amrita, msimamizi wa zamu, binti wa Kisingasinga aliyezaliwa Kisumu, akamweleza wazi bila kuzungukazunguka: akirudi mjane, hatatoka nyumbani miezi minne na siku kumi. Amrita akaelewa bila kuuliza zaidi.

“Nitakuwekea nafasi yako, Mama Fardowsa. Nenda tu.”

Kwa hiyo Ubah alikwenda kutafuta moja kati ya mambo mawili. Kama Tahlil yu hai, amtamkie talaka. Kama amekufa, naye apate eda yake, avae nyeupe, apewe pole na watu, na siku ya mwisho aoge na kutoka nje akiwa na jina moja linaloeleweka.

Walipanda ndege tatu, kisha basi la mwendo wa saa saba katikati ya jangwa lisilo na hata mwiba mmoja. Puerto Amparo ilikuwa barabara mbili za mabati na mbao zilizobanwa kati ya mlima wa mchanga na bahari ya Pasifiki. Mvua hawaijui. Kila asubuhi ukungu mzito hupanda kutoka majini, ukakaa juu ya mapaa mpaka adhuhuri bila kudondosha tone. Mji mzima ulinuka samaki wa kusagwa, na mbwa walilala katikati ya barabara kwa kuwa hapakuwa na gari la kuwaamsha. Mkono wa chuma wa kupakilia madini ulisimama mwisho wa gati, umeliwa na kutu.

“Mum, there’s nothing here,” Fardowsa alisema.

“Babako alikuwa hapa,” Ubah akamjibu. Ilikuwa mara ya kwanza kumtaja bila tusi.

Watu waliwapisha njia na kuwainamia vichwa. Muuza mkate alikataa kabisa kulipwa. Ilimchukua Fardowsa nusu siku kugundua kwamba kwa hijabu zao wamedhaniwa watawa wa kanisani, akacheka mpaka machozi. Ubah hakucheka. Alikuwa akitafuta paji la uso la Tahlil kwenye kila mtoto aliyepita, na kwenye kila mlango alimtarajia mwanamke mwingine anayepika chakula cha mumewe. Alikuwa na hasira ya kumtosha mwanamke huyo pia.

Zahanatini muuguzi kijana hakujua lolote la mwaka 1992. Akawaelekeza kwa doña Irma, muuguzi mstaafu, nyumba ya buluu nyuma ya kanisa. Mlango ulifunguliwa na bibi mfupi mwenye sweta la kijani. Fardowsa alianza kusema kwa Kihispania chake cha shule, kile cha kuagiza aiskrimu na kuuliza stesheni iko wapi: tunamtafuta baharia, mwafrika, aliteremka mgonjwa. Bibi hakumwacha amalize. Aliwaketisha, akaingia chumbani, akarudi na kitu alichokifunga kwenye taulo.

Ilikuwa kofia. Nyeupe, ya kushonwa kwa mkono, yenye nakshi ya majani, imefuliwa na kukunjwa vizuri.

Ubah hakuhitaji kuambiwa. Aliigeuza mpaka mahali karibu na mshono, penye jani moja lililoelekea chini wakati menzake yote yameelekea juu. Alilikosea akiwa mchumba wa miaka ishirini na tisa, akataka kulifumua, Tahlil akamzuia. Acha, alimwambia, nikiibiwa nitaijua. Ubah akaishika ile kofia kwa mikono miwili.

Doña Irma akaeleza, na Fardowsa akatafsiri kwa vipande. Alikuja kwa miguu kutoka gatini, tumbo limekuwa gumu kama ubao. Daktari alikuwa mji mwingine. Gari la wagonjwa lilichukua siku mbili kufika. Alikufa alfajiri ya tarehe kumi na nne, gari likafika mchana. Irma alikwenda bandarini kuuliza jina lake, meli haipo, na karatasi zake zote zilikuwa melini.

Hapo Fardowsa akaacha kutafsiri. Bibi alikuwa bado anasema, anachora kitu hewani kwa mikono.

“Anasemaje? Niambie anasemaje!”

“Mum…” Alimgeukia mamake. “Anasema, baba hakuweza kuongea lugha yao. So he did this.” Akachora kwa mikono tumbo kubwa la mwanamke mbele ya tumbo lake mwenyewe. “Then he pointed, mbali, baharini. Alikuwa anacheka. Anasema aliendelea kuonyesha hivyo mpaka mwisho.”

Doña Irma alimtazama Fardowsa tangu utosi hadi viatu. Kisha akauliza swali fupi, na hilo hata Ubah alilielewa kabla halijatafsiriwa. Kumbe miaka kumi na saba yule bibi alikuwa akijiuliza kama alizaliwa mvulana au msichana.

Makaburi ya Puerto Amparo yako juu ya mji, kwenye mchanga mtupu. Kila kaburi limezungushiwa ua wa mbao kama kitanda cha mtoto mchanga, na maua ni ya bati, kwa sababu ya kweli hayadumu hata siku moja. La Tahlil halikuwa na jina. Lilikuwa na msalaba. Fardowsa alipoeleza kwa aibu kwamba babake alikuwa Mwislamu, doña Irma alishika mdomo, akaung’oa msalaba mwenyewe kwa mikono yake ya kizee, akawa anaomba radhi. Lilibaki shimo dogo mchangani. Ubah alipiga magoti akalifukia.

“Nisamehe,” alimwambia mumewe. “Miaka kumi na saba nakutukana, na wewe umelala hapa. Nimemlisha mtoto wako matusi yako. Nisamehe, Tahlil, nisamehe.”

Hakupiga mayowe. Aliyaweka. Kilio chake alikuwa amekitengea mahali, na mahali hapo palikuwa nyumbani, Nechells, ndani ya magauni manne meupe. Kwenye ndege ya kurudi, kofia ikiwa kifuani, alihesabu kwa vidole: miezi minne na siku kumi ingemfikisha mwishoni mwa Desemba. Siku zote hizo angekaa ndani na Tahlil peke yake, amlilie kama mume anavyoliliwa, amlipe kila tusi. Ilimtuliza kidogo. Fardowsa alilala begani kwake, jambo ambalo hakulifanya tangu udogoni.

Mwanakhamis alikwishakusanya wanawake. Nyumba ilijaa, chai ikachemka, khitima ikasomwa. Ubah alishuka ngazi amevaa gauni la kwanza, na wanawake wakampisha kwa heshima. Alikuja Sheikh Warsame wa msikiti wa mtaa, mzee anayesema taratibu, amhesabie siku zake.

“Alifariki lini, mama?”

“Tarehe kumi na nne Agosti, mwaka tisini na mbili.”

“Na wewe wakati huo ulikuwa na mimba?”

“Ya huyu,” Ubah alisema, akamwonyesha Fardowsa aliyesimama mlangoni na sinia la vikombe.

Mzee alipangusa uso kwa kiganja. Ilionekana wazi kwamba angetoa chochote apate jibu jingine.

“Eda huhesabiwa tangu siku ya kifo, mama, si tangu siku ya habari. Na mwenye mimba, eda yake humalizika anapojifungua.”

“Basi mie n’anze kukaa lini?”

“Hukai. Ilikwisha zamani. Wewe ni mtu huru tangu siku ile uliyomzaa huyu binti.”

Mwanakhamis alianza kusema jambo kuhusu Daud, akajiuma ulimi, lakini Ubah alikwisha kulisikia.

“My birthday?” Fardowsa aliuliza. “Hiyo ni birthday yangu.”

Ubah aliikumbuka siku ile vizuri kuliko zote. Hospitali ya Mombasa, leso mpya ya maua mekundu, vigelegele vya shangazi zake, joto. Walimpa mtoto kifuani, akamwinamia, na maneno ya kwanza aliyomwambia katika dunia hii yalikuwa: babako ametukimbia. Basi eda yake ilikuwa imekwisha dakika ile ile, na ndivyo alivyoiaga.

“Kulia hakukatazwi,” Sheikh Warsame alisema. “Lia, mama. Mwombee dua.” Lakini Ubah hakulia. Alikuwa amekiwekea kilio nyumba, na sasa ameambiwa nyumba haipo. Wanawake waliondoka mmoja mmoja wakimbusu mkono, bila kujua waseme pole ya nini hasa. Alipanda juu, akavua gauni, akalikunja, akalirudisha chini ya mablanketi pamoja na yale matatu. Kofia aliiweka juu yake, lile jani lililokosewa likitazama nje.

Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi alikuwa mbele ya mashine yake, na aproni kiunoni. Amrita alitoka ofisini haraka alipomwona.

“Mama Fardowsa! Mbona uko hapa? Si uko kwa leave?” Kisha akapunguza sauti. “Ama ulimpata? Yuko hai?”

“Alikufa.”

“Pole sana, jamani. Sasa rudi nyumbani, nafasi yako nimeweka. Nenda ukae zile siku zako.”

“Nilishazimaliza,” Ubah alisema. “Hakuna aliyeniambia.”

Amrita hakuelewa. Mashine ilikuwa imeshapata moto, na shuka la kwanza, jeupe, lilikuwa linangoja. Ubah alilishika pembe mbili akaliingiza.