Msumeno Chini ya Panda

Mgeni alikuwa mzoefu wa kufika asikokujua. Kwenye simu aliambiwa ashuke penye duka la matairi, ampite kinyozi, aingie uchochoro wa kushoto, kisha afuate maua: nyumba yenye maua marefu yanayoning'inia kama tarumbeta, haina pacha mtaa mzima. Akashuka, akampita kinyozi, akaingia uchochoroni na begi begani. Maua hayakuwapo. Alikuta ukuta mtupu, mashina matatu yaliyokatwa usawa wa goti, bado yanachuruzika maji, na mwanamke mwenye sare ya dobi amepiga magoti kando ya rundo la matawi, anayachambua moja moja.

"Wewe ndiye uliyetaka mwanga?" mwanamke akamuuliza, hata salamu asitoe.

Mgeni akajibu kwamba hakutaka mwanga wowote. Alitaka chumba.

"Haya. Umekatiwa miti."

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji huyu hakuwa amepona hata kidogo.

Mtaani walimwita Bi Tarumbeta, na jina hilo alilipata kwa jasho. Tangu usichana alikuwa mpiga pasi katika hoteli moja mjini, kutwa akinyoosha mashuka ambayo watu wengine wangeyakunja kwa usiku mmoja. Jioni alirudi kwenye miti yake. Wa kwanza ulianza kama kijiti tu, mama yake alikichomeka karibu na mfereji wa bafu. Kikashika, kikatoa maua meupe yaliyoinamisha vichwa chini na kunukia kila jua lilipozama. Binti akaona hapo kuna kazi. Akajifunza kwamba mti huu hunywa maji kama mfungaji anayefuturu, na ukinyimwa hulegeza majani mchana kama mbwa aliyekemewa. Akajifunza pia kwamba una sumu, jani hadi mzizi, kwa hiyo ukiushika unanawa kwa sabuni kabla hujagusa hata ndevu zako. Aliyepuuza hilo alikuwa kinyozi. Aliomba tawi, akapewa, akajifuta jicho kwa mkono uleule, na siku nzima mboni moja ikamtoka kama ya bundi. Mpaka leo wateja wakikaa kitini humwuliza ananyoa kwa jicho lipi.

Hakuna aliyeomba tawi akanyimwa. Ila Bi Tarumbeta hakumpa mtu tawi kabla hajamwonyesha panda, pale shina linapogawanyika kwa mara ya kwanza. Chini ya panda, alikuwa akisema, mti bado mtoto. Juu ya panda umeshavunja ungo. Ukiotesha kipande cha juu, kinakumbuka utu uzima wake na kutoa maua upesi. Ukiotesha cha chini, au ukiukata mti wote chini ya panda, kila kitu kinaanza upya: shina lirefuke, ligawanyike tena, ndipo ufikirie maua. Kaka yake mkubwa, fundi rangi, aliyasikia maneno hayo kila mwaka akinywa chai kivulini mwa miti hiyohiyo, na kila mwaka aliitikia kwa kichwa.

Kilichomuuma Bi Tarumbeta zaidi ni ule mti wa tatu. Miti mingine ilikuwa ya mama. Huu aliuzaa yeye. Kwenye bustani ya hoteli ulikuwapo wenye maua ya manjano. Jioni moja alichukua chavua yake kwa unyoya wa kuku, akaifunga kwenye leso, akaja nayo nyumbani na kulipaka ua jeupe la mama. Tunda likafunga, likakauka, likatoa mbegu nyepesi kama vipande vya kizibo. Miche ikaota, mingi ikaoza, mmoja ukabaki. Akaulea miaka. Mvua zilizopita uligawanyika, na wiki hii ulikuwa umetoa matumba yake ya kwanza, ya kijani, marefu kama kidole. Hakuna binadamu aliyewahi kuiona rangi ya ua hilo. Shoga yake wa chumba cha pasi alimtania kwamba litatoka jeupe pe kama shuka la hoteli, ili limkomeshe. Wakacheka. Sasa karudi kutoka kazini na kuukuta mti umelala barabarani pamoja na takataka.

Kaka mtu alitoka nje akifuta mikono, akamkaribisha mgeni vizuri, kisha akamgeukia dada yake kama anayezungumza na mtoto aliyenuna. Akaeleza kwamba chumba cha mbele kilikuwa giza, na mpangaji wa kutoka mbali hawezi kuwekwa gizani. Isitoshe, miti yenyewe ni sumu. Isitoshe tena, itachipua.

"Mti ni kama nywele, mdogo wangu. Unanyoa, zinaota."

"Umekata chini ya panda, kaka."

"Panda ndiyo nini?"

Mvumilivu hula mbivu, lakini aliyetunga methali hiyo hakusema mvumilivu afanye nini akiwa na kaka wa namna hii. Bi Tarumbeta akamuuliza kama kinywa cha kuuliza kilimuuma. Akamuuliza kama simu yake ilikuwa mbovu. Kaka akasema haoni sababu ya kuomba ruhusa kwenye nyumba ambayo yeye ndiye mkubwa, na maadamu wamefika hapo, basi ajue kwamba uwanja huo utamwagwa saruji, na hakuna atakayechomeka kijiti tena.

"Mama alipokuwa hawezi kujigeuza kitandani," dada akasema taratibu, "hukuwa mkubwa."

Kaka akaenda kutafuta ngazi yake.

Bi Tarumbeta hakulia. Alimpigia shoga yake, ambaye alikuwa na kiwanja nyuma ya nyumba, karibu na kijito. Shoga akamwambia aje na mti, aje na godoro pia, maneno ya saruji watayaongea huko. Basi akaingia ndani kufunga virago, akatoka na ndoo za maji. Mgeni, aliyeona haya kwa kosa ambalo hakulifanya, akauliza afanye nini. Akapewa kisu na kazi ya kupunguza majani, ili matawi yasinyauke kabla hayajatoa mizizi.

Matumba Bi Tarumbeta aliyatoa mwenyewe. Tawi haliwezi kuotesha mizizi na kulea ua kwa wakati mmoja. Alilikwanyua moja, la pili, la tatu, uso umekaza, na kila moja alilitupa upande wa ngazi ya kaka yake. La mwisho alilipasua kwa ukucha. Ndani lilikuwa kijani tupu. Rangi haikuwa imefika.

"Hata kuchungulia hakuniachia," akasema.

Mwenye mkokoteni alipofika, walipakia godoro, cherehani, na ndoo zilizosimamisha matawi, yote ya juu ya panda. Bi Tarumbeta akamwambia mgeni akanawe kwa sabuni, akashika ubavu wa mkokoteni, wakaondoka. Kaka aliyaangalia matawi yale yakiondoka, akayaangalia mashina matatu yaliyobaki kwake, na pengine ndipo neno moja kati ya yale ya miaka yote lilipomwingia. Akatoka mpaka getini.

"Dada! Sasa haya yakichipua, maua lini?"

Mkokoteni haukusimama.

"Kamuulize aliyekushikisha msumeno," Bi Tarumbeta akajibu bila kugeuka, wakapinda kona kwa kinyozi.

Kaka akamgeukia mgeni. Mgeni alikuwa amesimama mlangoni, mikono ameinyoosha mbele mbali na uso wake, akiuliza bomba liko wapi.