Bi Moshi haivuti pikapu kabla propela haijashuka

Saa mbili asubuhi, kabla hajamsalimu mtu, Bi Moshi anachungulia dirishani mwa pikapu na kukiona kijiti kifupi cha gia. Kile kirefu, cha gia za kawaida, kiko fri. Kifupi, kile cha kuchagua magurudumu mawili au manne, kimelala mbele, na herufi za kichwani pake zimefutika kwa kushikwashikwa.

Anakunja uso. Ugomvi wa leo unaanzia hapo.

Pikapu imezimika tangu jana kando ya barabara inayopanda mlima, mawe mawili makubwa yakiwa nyuma ya magurudumu. Imebeba maturubai na viti vya kukodisha. Mwenyewe ni mama mnene mchangamfu, na wateja wake humwita Mama Maturubai. Ameteremsha kiti kimoja cha plastiki na kukikalia pembeni mwa lami.

"Nimekaa kama mgeni rasmi," anasema. "Sherehe tu ndiyo haipo."

Injini imekufa. Fundi wake yuko upande wa pili wa mji, na gari jingine hana. Chochote kinacholiwa nyumbani kwake kinatokana na pikapu hii.

"Injini nitajikongoja nitaitengeneza," anasema, na sasa hacheki. "Ila ikiongezeka na giaboksi, mimi nimekwisha. Viti mia mbili nitavibeba kichwani?"

Waliokuja kuivuta ni ndugu wawili wa tumbo moja. Kaka ndiye mwenye lori na ndiye anayeliendesha. Dada yake, huyu Bi Moshi, mwenye umri wa miaka ishirini na sita, hufunga chuma cha kuvutia, kisha huingia ndani ya gari bovu, akashika usukani na kukanyaga breki kila lori linapopunguza mwendo. Kazi hiyo ameifanya kwa miaka saba. Jina la Bi Moshi hakujipa.

Gari linapovutwa magurudumu yote yakiwa chini, magurudumu ya nyuma huizungusha propela, lile bomba refu la chuma lililo chini ya tumbo la gari. Kijiti kifupi kikiwa kimeshika, mzunguko huo hupanda mpaka ndani ya giaboksi. Na kwa kuwa injini imezimwa, oili hairuki kuvilainisha vyuma vya ndani. Vinasagana vikavu mpaka viungue.

"Mtu anaweka kile kirefu fri, anajipangusa mikono, anaona amemaliza," anasema Bi Moshi. Sauti yake ni ndogo, na anaongea akiitazama spana badala ya mtu. "Kifupi anakiacha. Akifika anashangaa harufu inatoka wapi."

Leo anakisukuma kijiti kifupi mpaka kinaingia fri. Halafu anafanya jambo ambalo kaka yake hulidharau. Anayasogeza mawe nyuma hatua moja, anaingia garini, anaweka kijiti kirefu gia ya kwanza, anashusha breki ya mkono na kuinua mguu kwenye pedali ya breki taratibu. Mlima ule ni mkali. Kijiti kifupi kingekuwa kimeachia kweli, pikapu ingerudi nyuma mpaka kwenye mawe.

Haijongei.

"Hakijaachia," anasema. "Kinacheza huku juu tu. Ndani bado kimeshika."

"Ndani umeingia lini?" kaka yake anamuuliza, na anamgeukia mama ili wacheke pamoja.

Mama hacheki. Anauliza kama kuna hatari. Kaka anamtuliza kwamba hakuna hatari yoyote, kijiti kiko fri na kila mtu anakiona, ila dada yake anapenda kazi ndefu, na kuna mteja mwingine anasubiri. Anasema hayo yote kwa adabu, mkono kifuani, kama mtu anayemwombea radhi mtoto aliyemwaga chai.

Bi Moshi anateremka. Anayarudisha mawe, anapandisha breki ya mkono, anazungusha kwa vidole loki za magurudumu ya mbele mpaka zinaachia yazunguke bure, kisha anatandika gunia na kujiingiza chini ya pikapu. Anaitia propela alama kwa rangi ya kucha pale inaposhikana na difu ya magurudumu ya nyuma, na pale inaposhikana na giaboksi, ili itakaporudishwa ikae ilivyokuwa. Halafu anashika spana. Anaifungua nati ya kwanza kana kwamba ndiyo iliyomtukana.

Kaka anaangalia saa, anatema mate, anapanda lori. Anataka kuondoka propela ikiwa juu, dada yake akitaka asitake. Sekunde chache baadaye anateremka, anapapasa mifuko ya suruali, anapanda tena, anainama chini ya kiti.

"Ufunguo uko wapi?"

"Ninao," inasema sauti kutoka chini ya gari. "Nikimaliza nitakupa."

Mama Maturubai anakigeuza kiti chake ili aone vizuri.

Miaka miwili iliyopita, ndugu hawa waliivuta pikapu ya mfuga kuku mmoja, gari la aina hiyo hiyo. Ilifika kwa fundi ikifuka moshi sakafuni, giaboksi imejifunga. Watu walijaa. Kaka alisimama katikati yao na kueleza kwamba dada yake ndiye aliyetakiwa kufungua propela, na amesahau. Alimwomba mfuga kuku amsamehe binti, bado anajifunza.

Alikuwa na miaka mitano kazini.

Mfuga kuku aliuza kuku wote apate giaboksi nyingine. Banda likabaki na manyoya. Siku aliyokutana na binti sokoni hakumtukana, alimtazama tu kisha akavuka barabara.

"Bora angenitukana," anasema Bi Moshi.

Jina likashika. Mafundi walianza, wauza vipuri wakadaka, wateja wakalimalizia. Wakipiga simu humuuliza kaka, "Unakuja na Bi Moshi au unakuja na mtu?" Malipo ya binti kwa safari yakakatwa nusu, eti mpaka atakapopata uzoefu, na hayajarudi yalivyokuwa mpaka leo. Watoto wa kaka, ambao amewabeba mgongoni mmoja mmoja, wanamwita Shangazi Moshi. Hawamaanishi ubaya. Wanadhani ndilo jina lake.

Wanaishi ua mmoja. Chumba chake kimepakana na jiko la wifi yake, na ukutani kumetundikwa ovaroli mbili, moja ya kazi na moja iliyopasuka magoti. Shule aliiacha darasa la tano, baba yao alipofariki. Kaka ndiye aliyemchukua, akamlisha, akamfundisha kushika spana. Hilo halikatai.

"Mama yangu aliniambia ninyamaze," anasema. "Aliniambia, huyu ndiye baba yako sasa. Ukimwaibisha mbele za watu utakwenda wapi? Nikanyamaza. Lakini kunyamaza siyo kusahau. Kuna siku nakaa kwenye lile gari bovu nyuma yake, naangalia kisogo chake, naubana usukani. Hasira tu."

Leseni ya malori anayo, aliipata mwaka jana. Lori hapewi. Anachotaka ni siku moja akae mbele yeye, avute kwa mwendo anaoujua, na jina lake la kuzaliwa liandikwe mlangoni chini ya la kaka yake. Hata likiwa dogo. Na akijaliwa, baadaye aweke lori lake, awachukue wasichana wawili watatu awafundishe.

"Nitaanza na kuwafundisha kusema," anaongeza, kisha anaona haya na kuinama.

Nati ya mwisho inaachia. Anaishusha propela kifuani, anajikokota nje nayo, anaipakia juu ya maturubai na kuifunga kamba. Anaupenyeza ufunguo wa lori kwenye kiganja cha kaka yake bila kumtazama usoni. Kaka anapanda lori.

Wanaondoka. Mama Maturubai amekataa kukaa kwenye lori. Amejibana kando ya Bi Moshi, na njia nzima anauliza maswali. Bi Moshi anamwonyesha pa kuweka mguu, pale sakafu inapovimba juu ya giaboksi. Pakianza kupata joto, amwambie. Mama anavua kiatu kabisa. Kila wanapopita tuta anatangaza kwamba bado pana baridi, na mara moja anadai mguu umekufa ganzi, hivyo ushahidi wake usichukuliwe.

Kwa fundi wanafika mchana. Fundi ni mzee mfupi asiyependa maneno. Anajilaza chini ya pikapu, anashika huku, anashika kule, anatoka.

"Baridi kama mtungi," anasema. "Nani kashusha propela?"

Mama Maturubai anafungua mdomo, lakini kaka anamwahi. Anasema kwake yeye pikapu ya namna hii haiondoki propela ikiwa juu, hata uje na bunduki. Ndiyo kanuni yake. Alijifunza kwa uchungu, kwa yule mfuga kuku.

"Huyu aliponiunguzia," anamalizia, na anampiga dada yake begani kidogo, kwa utani. "Siyo, Bi Moshi?"

Mafundi wawili waliokuwa wakiosha vipuri kwenye beseni wanacheka.

Bi Moshi anaiweka chini propela aliyokuwa akiiteremsha. Anaiweka polepole, kwa mikono miwili.

"Ya mfuga kuku sikuisahau, kaka," anasema.

Kicheko kinakatika. Kaka anamwambia hayo wataongea nyumbani.

"Nyumbani watoto wako wananiita Moshi. Tutaongea hapa." Sauti yake haishuki. "Nilishafungua nati mbili. Ukanivuta miguu nikatoka, ukazikaza mwenyewe, ukasema tumechelewa. Njiani sakafu ikaanza kuunguza. Honi haina umeme, nikatoa mkono dirishani. Mkono dirishani maana yake simama. Wewe ndiye uliyenifundisha."

"Sikukuona," anasema kaka.

"Uliniona. Ulinitazama kwenye kioo."

Kaka anageuza uso upande wa lori. Mama Maturubai amesimama na kiatu kimoja mkononi.

"Nilitoa kichwa nje na mkono mpaka begani," anasema Bi Moshi. "Moshi umeshajaa ndani, sioni hata usukani. Na wewe, kaka, ukatoa wa kwako ukanipungia."